Jambia la Marehemu na Thamani Yake

SUALI. Ametujia bibi mmoja wa mji huu wetu, yeye na shangazi yake, baada ya sala ya alasiri, akatuuliza suali ambalo twaona lafaa lisomwe na wote, kwani yaliyomfika yeye huenda yamewafika wengi wasioweza kuyasema. Baba yake amefariki, na mama alikwisha kutangulia. Warithi ni watatu: ndugu zake wawili wanaume, na yeye. Alichokiacha marehemu, baada ya maziko na madeni, ni vitu viwili: nyumba ya mawe, na jambia la fedha ambalo yeye naye alilirithi kwa babake. Nyumba imekisiwa shilingi milioni nne. Jambia, ndugu zake wasema, ni la shilingi milioni moja. Basi wakamwambia umbu lao: “Jumla ni milioni tano, na wewe una fungu moja katika matano. Chukua jambia, nyumba tuachie sisi, na kila mtu amepata haki yake.” Naye atuuliza: je, kisu chaweza kuwa na thamani ya milioni? Na akikubali, amepata haki yake au hakuipata?

JAWABU. Kwanza twasema kwamba hesabu ya mafungu ambayo ndugu zake wameifanya ni sahihi. Mwana mwanamume ana mafungu mawili na mwana mwanamke ana fungu moja. Wawili kwa mbili ni nne, na moja ni tano. Wala si haramu warithi kupatana kwamba huyu achukue kitu hiki na yule achukue kile, maadamu kila mmoja ajua anachokitwaa na anachokiacha, na ameridhika bila ya kutahayarishwa wala kutishwa. Wanavyuoni wana mlango mzima wa jambo hili. Basi dhulma, kama ipo, haiko katika kugawa. Iko katika kukisia. Ukiandika bei ya uongo juu ya kitu kimoja, hesabu yote inayofuata itakwenda sawa, na mwisho wake mtu atatoka mikono mitupu hali karatasi yaonyesha kwamba amelipwa.

Kwa hivyo hatuna budi tulijibu suali la kisu. Na suali hili si la bibi huyu peke yake. Twawaona vijana wetu wakirudi kutoka Maskati, Dubai na Jidda na majambia ya bei zilizopita kiasi, na twawaona wengine wakikopa ili bwana harusi asionekane mnyonge siku yake. Zamani jambia la harusi liliazimwa kwa ami au kwa jirani, likavaliwa, likarudishwa, wala hakuna aliyeona aibu kwa hayo.

Tulimwomba bibi atuletee jambia lenyewe kwa idhini ya ndugu zake, tukalipeleka kwa sonara tunayemwamini, mzee ambaye kazi yake ni fedha tangu utoto wake. Akalitazama muda mrefu, kisha akalifungua vipande vipande juu ya kitambaa cheupe: bapa la chuma, mpini, ala na mbao yake ya ndani, na mkumbuu wa kujifungia kiunoni. Na hivi ndivyo alivyotufundisha kulitazama. Mwenye kununua hutoa fedha zake mara moja, lakini anachokinunua ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina bei yake mbali.

Kitu cha kwanza ni fedha, nayo haina maneno kwa kuwa ina mizani. Fedha ya majambia ya kale aghlabu ilitokana na reale, zile zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambazo mafundi wa Omani na wa Yemen walikuwa wakiziyeyusha. Reale moja ina uzito wa gramu 28 na kitu kidogo, na katika hizo fedha safi ni kadiri ya gramu 23 na nusu. Iliyobaki ni shaba. Fedha ya jambia la marehemu, ilipotengwa na chuma na mbao na ngozi, ilikuwa gramu 310, yaani kadiri ya reale kumi na moja. Sonara akapiga hesabu kwa bei ya soko ya siku ile, na haikufika laki moja. Na ajuaye kwamba kuna madini meupe ya shaba na nikeli, yang'aayo kama fedha na hayana hata chembe ya fedha ndani yake, atashukuru kwamba la marehemu lilikuwa fedha kweli.

Na maadamu tumezitaja reale, tuseme jambo moja lenye kuwapoteza wengi. Juu ya kila reale umeandikwa mwaka 1780, nao ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini reale ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo baada ya kufa kwake, hatta katika karne ya ishirini, mjini Vienna, na London, na Bombay, na kwengineko, kwa sababu wafanyabiashara wa nchi za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi hawakutaka nyengine. Basi mtu akikuonyesha reale iliyofungwa katika mkumbuu akakwambia, “Tazama, jambia hili lina miaka zaidi ya mia mbili,” ajua au hajui, neno lake halina dalili yoyote.

Kitu cha pili ni kazi ya mkono, nayo ina haki yake. Kuisokota fedha ikawa uzi, kuulaza uzi huo juu ya ala mpaka ukawa maua, kuzifua pete na kuzichora, ni kazi ya siku nyingi na ya macho mazuri. Hanjari ya Omani ya kawaida ina pete nne, na ile iitwayo Saidi, inayonasibishwa na watawala wa Al Said, ina pete saba. Na nchi ile imeiweka hanjari katika bendera yake tangu mwaka 1970. Katika mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuandika ufundi wa hanjari na desturi zake miongoni mwa urithi wa wanadamu unaofaa kuhifadhiwa. Fundi wa namna hiyo akitaka bei kubwa kwa kazi aliyoitia miezi ya umri wake, hatusemi kwamba amedhulumu, na anayemlipa kwa mali yake ya ziada hatusemi kwamba amefanya israfu. Sharia haikuweka mpaka wa faida katika biashara ya watu wawili walioridhiana, bila ya uongo na bila ya kuficha aibu.

Mfano mwengine ni panga za Wajapani, ambazo watu hununua kwa mali nyingi mno. Mhunzi wa panga hizo hana ruhusa ya kufua illa akae miaka isiyopungua mitano chini ya mwalimu, kisha atahiniwe na serikali yao. Na akipata ruhusa, hafui panga ndefu zaidi ya mbili kwa mwezi. Chuma chake hutoka katika mchanga wa chuma uliopikwa kwa makaa. Hapo mnunuzi ajua analipa nini: miaka ya mafunzo, na uchache uliowekwa na sheria, na chuma kisichopatikana penginepo.

Lakini katika jambia mambo yamegeuka. Chuma, ambacho ndicho kisu chenyewe, aghlabu ndicho sehemu rahisi kuliko zote. Sonara alilitia bapa la marehemu ndani ya ala yake, likacheza kama jino bovu. Akasema: “Bapa hili si la ala hii. La kwanza lilivunjika au liliuzwa, na hili limetiwa juzi.” Kugeuzwa bapa si kosa, kwani kisu kilichotumiwa vizazi vitatu lazima kiguswe na fundi; ila mwenye kuuza akisema kwamba jambia lote ni la babu wa babu, amesema asilolijua. Na tuongeze hapa khabari ya chuma cha Damasko, kwani jina hili limekuwa chambo. Chuma cha kale kilichoitwa hivyo kilitokana na vipande vya chuma vilivyoyeyushwa katika vyungu huko Bara Hindi, na mawimbi yake yalitoka ndani ya chuma chenyewe kilipokuwa kikipoa na kufuliwa. Visu vingi vinavyouzwa leo kwa jina hilo ni matabaka ya vyuma viwili yaliyounganishwa kwa moto, kisha yakatiwa dawa kali ili mistari ionekane. Chaweza kuwa kisu kizuri, tena cha kukata vyema. Lakini aliyelipa bei ya kile cha kale akapewa hiki amehadaiwa, na ana haki ya kukirudisha.

Kitu cha tatu ni umri na jina. Hili ndilo gumu, kwa kuwa halina mizani wala halina saa za kazi. Katika Yemen husimuliwa khabari ya jambia la mmoja wa masheikh wakubwa wa makabila, lililokuwa kwanza la Maimamu waliotawala San'aa, kwamba bei yake ilifika dola milioni moja. Kama ni kweli, zilizolipwa hapo si bei ya fedha wala ya kazi, ni bei ya kiuno kilicholifunga. Anayelihitaji jina lile mbele ya kabila lake atalipa. Wewe na mimi tukilipeleka sokoni Marikiti siku ya Jumatatu hatupati hata robo ya robo yake. Na jina lataka ushahidi. Nani aliyeliona? Kwa waraka gani? Tuliwauliza ndugu wa bibi: jambia hili babu yenu alilipata wapi? Mmoja akasema kwa Mwarabu wa Sur, mwengine akasema kwa fundi wa Siyu. Hatuwalaumu, maana sisi wenyewe hatujui babu yetu alinunua wapi kiti anachokalia mtoto wetu. Lakini kwa jawabu mbili kama hizo hakuna mtu mwenye akili atakayetoa hata laki moja zaidi.

Wala umri wenyewe si vigumu kuubandika. Fedha mpya ikitiwa dawa ya kiberiti hugeuka nyeusi kama iliyolala kabatini miaka mia. Sonara alitwambia atazamapo kwanza ni pale ambapo mkono wa mwanadamu hushika na pale ambapo mkumbuu husugua. Weusi wa dawa huingia kila pahali sawasawa, lakini mkono husugua pahali pamoja tu.

Sasa tumefika kwenye mpini, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa ndipo ilipokaa ile milioni.

Mpini wa jambia la marehemu ulikuwa wa pembe ya kifaru. Sonara aliuweka mbele ya taa, na ukingoni ukaonekana rangi ya asali, na ndani yake nyuzi nyembamba zilizobanana. Kwani pembe ya kifaru haina mfupa katikati kama ya ng'ombe, ni nyuzi za aina moja na kucha na nywele zilizoshikamana. Katika Yemen mpini wa namna hii, ukishikwa na baba na mwana na mjukuu mpaka ukalainika na kupenya nuru, huitwa saifani, na hapo ndipo yanapokwenda mamilioni. Dalali aliyewapa ndugu wa bibi ile bei alikwisha kuuona mpini, akawaambia kwamba wako watu wa nje wanaoutafuta. Tulimwita. Tulimwuliza: ni nani, yuko wapi, ametoa arubuni kiasi gani? Hakuwa na jina wala anwani wala arubuni. Alikuwa na khabari aliyoisikia barazani.

Uhusiano wa pwani yetu na visu vya Yemen na pembe za kifaru ni wa kale kuliko misikiti yetu. Katika karne ya kwanza baharia mmoja Myunani aliandika kitabu cha safari kiitwacho Periplus, na humo amesema kwamba kutoka Muza, bandari ya Yemen, zililetwa huku pwani silaha na visu vidogo, na kwamba zilizotoka huku ni pembe za ndovu na pembe za vifaru na magamba ya kasa. Biashara hiyo iliendelea karne kwa karne bila ya kuwamaliza wanyama, kwa kuwa waliovaa jambia la pembe ya kifaru walikuwa wakubwa wachache.

Mambo yaligeuka mwaka 1970. Vita vya Yemen ya Kaskazini vilikwisha, vijana wao wakaenda kwa maelfu kufanya kazi Saudia, na fedha za mafuta zikaingia katika nyumba ambazo hazijapata kuziona. Aliyekuwa akivaa mpini wa mbao akataka kuvaa kama sheikh wake. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1969 na 1977 pembe zilizoingia Yemen ya Kaskazini zilitoka kwa vifaru kadiri ya 8,000. Hatta vumbi na vipande vilivyobaki fundi akichonga havikutupwa, viliuzwa Uchina kwa dawa. Huku kwetu Kenya vifaru weusi walikuwa kadiri ya 20,000 katika mwaka 1970. Miaka ya 1980 ilipokwisha, hawakufika 400. Katika mwaka 2018 alikufa huko Ol Pejeta dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, akaacha majike wawili. Hatusemi kwamba yote haya yaliletwa na majambia. Wako wa Uchina na dawa zao, wako wawindaji, na wako wakubwa wetu wenyewe waliofumba macho. Lakini fungu la majambia lilikuwa kubwa, na waliolipa bei hizo walikuwa Waislamu.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya pembe na ngozi za wanyama. Yemen ya Kaskazini ilizuia kuingizwa pembe za vifaru mwaka 1982, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti wa Yemen, Sheikh Ahmad Zabara, alitoa fatwa kwamba kuwaua vifaru kwa ajili ya mipini hakuafikiani na dini. Na Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 ya nchi yetu imeweka adhabu nzito mno kwa mwenye kufanya biashara ya pembe hiyo, na hata kuwa nayo bila ya ruhusa ni kosa. Basi kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukiuza illa kwa kujificha, na akikamatwa akapoteza mali yake na uhuru wake, vipi kikatiwa katika hesabu ya mirathi kwa milioni?

Hayo ni ya serikali. Ama ya fikihi, twawaona watu wakighafilika na jambo lililo wazi katika vitabu tunavyovisoma kila siku. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, pembe na mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi, wala haitoharishwi kwa kukaushwa wala kwa kupigwa msasa. Na vifaru hawa hupigwa risasi au mshale wa sumu, wakaachwa katika damu yao, wala hakuna aliyewachinja. Kitu kilicho najisi kwa dhati yake, kuuzwa kwake hakusihi katika madhehebu yetu, na mwenye kukibeba katika sala, sala yake haisihi. Wako maimamu wengine, kama Imamu Abu Hanifa, waliosema kwamba pembe ni tohara, wala sisi hatuwaingilii wenye kuwafuata. Lakini bwana harusi wetu wa Kishafii, anayeingia msikitini kwa nikahi na jambia la pembe ya kifaru kiunoni akasimama kusali isha, na ajue amesimama na nini. Ile sehemu aliyoilipia zaidi kuliko zote ndiyo ambayo fikihi yake mwenyewe haiipi hata senti.

Ama fedha juu ya silaha, hilo halina ubaya kwa mwanamume. Imepokewa kwa Anas kwamba upanga wa Mtume, sala na salamu zimshukie, ulikuwa na fedha kwenye kichwa cha mpini wake. Dhahabu hairuhusiwi. Na wanavyuoni wetu wamepambanua kati ya silaha na kisu cha kazi: silaha yapambwa kwa fedha, kisu cha jikoni na kile cha kuchongea kalamu hakipambwi. Twalitaja hili kwa sababu tumeviona visu vya kukatia keki ya harusi vyenye mipini ya fedha, na wenyewe wadhani hiyo ni sunna ya jambia.

Na wale wenye uwezo, wanaoweka majambia kabatini kumi na ishirini wakisema ni akiba, wana jambo lao la kujihesabia. Pambo la halali linalovaliwa halina zaka katika madhehebu yetu. Lakini fedha iliyowekwa kwa nia ya akiba, haivaliwi wala haikusudiwi kuvaliwa, ni kama fedha nyengine: ikifika dirhamu mia mbili, yaani kadiri ya gramu 595 za fedha safi, na ikapitiwa na mwaka, ina zaka. Na aliyenunua kwa nia ya kuuza bei ikipanda, hiyo ni mali ya biashara, na zaka yake ni robo ya fungu la kumi ya thamani yake ya soko. Tulimwambia haya bwana mmoja ambaye kila siku husifu majambia yake kwamba ni ya malaki. Siku ile akasema kwamba hayana thamani kubwa kama watu wanavyodhani.

Turudi kwa bibi yetu. Tuliwaita ndugu zake nyumbani, na shangazi yao akakaa nyuma ya pazia akisikiliza. Yule mkubwa ni mtu wa heshima, mwenye duka lake, na hakuja kwa ugomvi. Akasema: “Sheikh, sisi hatukukusudia kumdhulumu mtu. Dalali ndiye aliyetwambia milioni, nasi tukamsadiki.” Tukamwambia kwamba twamsadiki yeye pia. Kisha tukamwuliza jambo moja tu: “Maadamu jambia ni la milioni moja, je, wewe u tayari kulitwaa kwa milioni moja katika fungu lako, na umbu lako apewe fungu lake lote katika nyumba?”

Akanyamaza. Akamtazama mdogo wake, na mdogo wake, ambaye bado ni kijana, akacheka bila ya kujizuia akasema, “Milioni moja kwa kisu, Sheikh?” Shangazi yao akasikika nyuma ya pazia akisema, “Na dada yako je, yeye si mtu?” Hapo hapakuhitajiwa tena kufungua kitabu.

Tukakaa kupiga hesabu upya. Sonara alikisia fedha ya jambia, na kazi yake, na umri wake ule uonekanao katika ala na mkumbuu, bila ya mpini, kwa shilingi laki mbili; akasema kwamba kwa bei hiyo yeye mwenyewe alinunua kwa fedha taslimu, na hiyo ndiyo bei tuliyoipokea, kwa kuwa nyuma yake pana mtu mwenye mfuko. Nyumba milioni nne, jambia laki mbili, jumla milioni nne na laki mbili. Fungu la bibi ni shilingi 840,000, na la kila ndugu mwanamume ni shilingi 1,680,000. Kwa hesabu ile ya kwanza bibi angalitoka na kitu cha laki mbili, na shilingi 640,000 zake zingalibaki ndani ya nyumba ya ndugu zake kimya kimya, nao wakilala usingizi mzuri kwa kudhani kwamba wamemlipa.

Tulidhani kwamba bibi hatalitaka tena jambia. Lakini alisema kwamba alitaka kulichukua kwa laki mbili katika fungu lake, kwa sababu babake alilivaa siku alipomwoza, na katika picha ya siku hiyo lipo kiunoni mwake. Basi akapewa hilo, na shilingi 640,000 zikawekwa katika nyumba, nazo ni mafungu kumi na sita katika mia. Na ndugu zake wakapata kila mmoja mafungu arubaini na mawili katika mia. Wakitaka kumnunua baadaye watamnunua kwa bei ya siku hiyo, naye akitaka kodi ya fungu lake, ni haki yake.

Kuhusu mpini, tuliwaambia kwamba haufichwi. Yule mkubwa alikwenda mwenyewe katika afisi ya Huduma ya Wanyama wa Porini, akaeleza kwamba wamekirithi kitu hiki kwa baba yao aliyekirithi kwa babake, nasi tulifuatana naye. Mpini ukabaki kwao kwa kuandikishwa. Sonara ameliwekea jambia mpini wa mpingo, akazirudisha juu yake zile nyota za fedha za mpini wa kwanza, na hakutaka ujira kwa bibi ila bei ya mpingo. Waraka wa nyumba umekwenda kuandikwa majina matatu.